Flashi ya Kwaya

Shemeji yangu Jonathan Mashimba ni fundi kompyuta, na kama hujui, atakwambia mwenyewe. Kamuoa mdogo wangu Precious, kwa hiyo nina haki ya kumtania mpaka nizikwe, na haki hiyo siilazi njaa.

Jumatatu ile nilimpigia simu saa mbili kasoro asubuhi. Mimi ni karani wa maabara ndogo ya kupima samaki hapa Kirumba, na vyeti vyetu vyote vinatoka kwenye seva aliyoisimika yeye mwaka jana. Jumapili umeme ulikatika, betri ya akiba ikaisha, na umeme uliporudi kompyuta kubwa iliwaka lakini seva haikuwaka.

Hapo panahitaji maelezo, nami nitayatoa kwa lugha ya watu, si kwa lugha ya Jonathan. Ndani ya ile kompyuta kubwa, inayoendeshwa na programu iitwayo Linux, mna kompyuta nyingine isiyoshikika kwa mkono, inaishi humo kama mtoto tumboni. Hiyo ndiyo seva yetu. Asubuhi ile mama aliamka, mtoto akagoma.

Jonathan alishuka kwenye bodaboda akitokea Nyamagana, amenuna. Mlangoni alimpita Mama Mhoja na ndoo yake bila hata shikamoo, na Mama Mhoja ni mkubwa kuliko mama yake mzazi. Ndiye anayefanya usafi hapa, huu mwaka wa saba.

Akaketi, akaiamuru seva iwake. Kwenye skrini ikatokea mistari mitatu ya Kiingereza. Hakuisoma. Akazima kompyuta kubwa, akaiwasha, akaamuru tena, mistari ikawa ileile. Akafungua boksi, akachomoa vitu, akavipuliza vumbi na kuvirudisha kwa heshima kubwa. Mistari ikawa ileile.

"Shemeji," nikamwambia, "hiyo unatibu au unaagua?"

"Evelina, kazi hii ina ngazi zake."

Ilipofika saa nne, Bwana Chenge, mkurugenzi wetu, akaja kusimama nyuma yake. Nje kwenye benchi Otuoma, mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa Musoma, alikuwa ameshachungulia mara tatu kuulizia cheti chake.

"Tatizo nini?" Bwana Chenge akauliza.

"Kuna mtu kagusa huku nyuma," Jonathan akajibu bila kugeuka. "Nilibandika karatasi kabisa, USIGUSE. Sasa mtu akipitisha dekio anavuta nyaya, mimi nifanyeje?"

Dekio ni la mtu mmoja tu pale ofisini. Wote tukamtazama Mama Mhoja.

Bwana Chenge si mtu mbaya, ila maamuzi yake yana haraka. Alisema seva isipowaka kufikia saa sita, Mama Mhoja aandike maelezo, akabidhi funguo, akasubiri nyumbani mpaka atakapoitwa. Nina miaka tisa hapa. Sijamwona aliyesubiri nyumbani akaitwa. Na Mama Mhoja ana wajukuu watatu kule Buzuruga ambao hawana mwingine wa kuwapeleka shule.

"Naomba niseme kidogo," alianza. "Kile kidude kinachowaka huku nyuma..."

"Mama, subiri kwanza," Jonathan akamkata.

Bwana Chenge akaondoka kwenda kupokea simu. Mama Mhoja akanigeukia mimi. "Evelina mwanangu, kile kidude..." Nami, ninaona aibu kulisema hili, nikamwambia akachemshe chai, watu wanasubiri. Nilijidanganya kwamba namwondoa kwenye macho ya bosi. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia habari za kompyuta kutoka kwa mtu wa ndoo.

Saa tano na nusu Jonathan alikuwa amevua saa mkononi na jasho linamtoka. Nikavuta kiti nikakaa pembeni yake. Mimi ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Nikaisoma ile mistari.

"Shemeji, hii umeisoma?"

"Ni kosa la kawaida tu."

"Nakuuliza, umeisoma?"

"Niache nifanye kazi, shemeji."

"Maana inasema kuna faili inalitafuta na halipo. Na pale inapolitafuta pameandikwa KWAYA. Tangu lini maabara ina kwaya?"

Mikono yake ikasimama juu ya vibonye.

Akaeleza polepole, na safari hii nilimwelewa. Mwaka jana, siku ya kuisimika seva, programu aliileta kwenye flashi ya kwaya yao ya kanisani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Akaiambia seva kwamba flashi ile ndiyo CD yake, yaani ndipo pa kuisomea programu hiyo. Kazi ilipoisha alitakiwa kulifuta agizo lile na kuondoka na flashi yake. Badala yake aliiacha imechomekwa, akabandika karatasi. Kwa hiyo kila seva inapoamka, kabla ya yote, inaitafuta CD ya mwaka jana. Isipoiona, haiamki.

"Haya, na flashi iko wapi?"

Akainama nyuma ya kompyuta. Karatasi ya USIGUSE ilikuwepo. Tundu lilikuwa tupu.

"Ndicho ninachosema tangu asubuhi," Mama Mhoja akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Kile kidude chenye taa ya kijani. Mimi kila siku nafuta vumbi, nakizunguka, sikigusi. Jumamosi ulipokuja kutengeneza printa, fundi, ulikichomoa ukaondoka nacho."

Mkono wa Jonathan ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Ukatoka na flashi.

"Tulikuwa na mazoezi ya nyimbo za jubilei," akasema.

"Na karatasi je?" nikamuuliza.

"Karatasi ilikuwa ya watu wengine."

Hakuhitaji hata kuichomeka. Aliandika amri moja ya kuiambia seva iache kuitafuta ile CD, kisha amri ya pili ya kuiwasha. Ikawaka. Saa sita kasoro dakika kumi printa ilikuwa inatoa cheti cha Otuoma.

Bwana Chenge alikuwa uani na simu nyingine, hajui lolote. Nikamwona Jonathan anaanza kukusanya bisibisi zake upesi upesi.

"Kwa Bwana Chenge unakwenda mwenyewe," nikamuuliza, "au nikusindikize?"

Alikwenda mwenyewe, hilo nampa. Nilimwona dirishani anaongea, ananyoosha kidole kwenye kifua chake. Bwana Chenge akakohoa, akapaza sauti kwamba Mama Mhoja aendelee na kazi, kama vile alikuwa amemtuma sokoni tu.

Jonathan akarudi, akasimama mbele ya Mama Mhoja, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama Mhoja akamtazama, kisha akanitazama na mimi. "Hata asubuhi nilikuwa na umri huu huu."

Jonathan akainamisha kichwa. Mimi utani wote uliniishia. Nikalipokea birika mkononi mwa Mama Mhoja, nikamwonyesha kiti changu, na kikombe cha kwanza nikammiminia yeye.