Albamu Isiyo na Mwimbaji

Jumamosi ile nilitoka sokoni nikiwa nimeshajifunga kibwebwe: leo namwambia Eliya ahame, yeye na bendi yake na mawaya yao. Maneno ya kumwambia niliyapanga wiki nzima ndani ya basi. Nyumba ni yangu, nimeijenga mwenyewe hapa mtaa wa Picha ya Ndege, chumba baada ya chumba, na sikuijenga ili nilale na pamba masikioni.

Nikawakuta sebuleni wote watatu, wamekaa mkekani kimya, jambo ambalo si kawaida yao. Eliya, mdogo wangu wa mwisho, mpiga kinanda. Dulla wa mashine ya ngoma. Na Mwinshehe wa gitaa, ambaye kwao ni Mzenga, Kisarawe, na ndiye pekee kati yao anayekumbuka kuosha kikombe.

"Shikamoo dada," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kuna nini, kuna msiba?"

"Hamna, sista," Dulla akasema. "Mzigo umekamilika. Albamu. Hajaisikia mtu bado."

"Tunataka uwe wa kwanza," Eliya akadakia. "Yote, mwanzo mpaka mwisho. Halafu utuambie ukweli."

Nikaketi kwenye kochi na kikapu changu cha nyanya mapajani. Nikajiambia, Efrazia, wasikilize kwanza, kisha uwape vidonge vyao. Kumfukuza mtu kabla hujasikia kazi yake ni roho mbaya.

Bendi yao haina mwimbaji na wala haimtaki. Dulla anaanzisha mdundo, Eliya anaweka kinanda juu yake, gitaa linaingia likijisikia, na wanazunguka hapohapo nusu usiku wakifuatana, maana hakuna kilichopangwa. Mashine ya kurekodi wanaiacha imewashwa, baadaye wanakata vipande vizuri. Waliwahi kualikwa kwenye harusi Mailimoja, wakapiga saa nzima, mama mmoja akanisogelea kuniuliza mwimbaji wao amekwama foleni ya wapi.

Mimi ni katibu muhtasi wa ofisi moja ya umma jijini. Naondoka kabla hakujapambazuka, narudi giza limeshaingia. Na kila usiku, huu mwaka wa pili, natoka chumbani na khanga kifuani kuwaomba wapunguze. Wanasema samahani dada, wanapunguza, nikifika kitandani wamepandisha tena. Nimechoka uchovu ambao kulala Jumapili hakuumalizi.

Wimbo wa kwanza ulianza taratibu, nikatamani uwe mbaya ili kazi yangu iwe rahisi. Haukuwa mbaya. Kinanda kilikwenda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja asubuhi, hana haraka, na gitaa la Mwinshehe likalia kwa mbali. Ukiondoa kule kuanza na kukosea na kuanza tena, ambako ndiko nilikokuwa nakusikia mimi ukutani, kumbe ulikuwa muziki wa kumpumzisha mtu. Nikaweka kikapu chini. Wimbo wa pili sijui uliishaje, nilikuwa nimeshasinzia.

Kilichoniamsha ni sauti ya mwanamke.

"Jamani, punguzeni. Kesho nina kazi."

Nikadhani ni jirani kaja kulalamika. Nikageukia mlangoni, hapakuwa na mtu. Ikaja tena, safari hii nikaona inatoka kwenye spika. "Jamani, punguzeni. Kesho nina kazi." Ilikuwa sauti yangu.

Kichwani mwangu, siku zote zile, nilikuwa nafoka. Nilijua natisha. Lakini mwanamke wa kwenye spika hakuwa anafoka hata kidogo. Alikuwa anaomba, kama mtu anayeishi kwa shemeji na anaogopa kurudishwa kwao. Iliniuma, tena sana. Nyumba yangu mwenyewe.

Kisha nikagundua jingine. Kila nilipomaliza kusema, muziki ulishuka. Mdundo unafifia, gitaa linanyamaza, kinanda kinabaki peke yake chini kabisa, kinangoja. Wanapanda tena polepole, nasema tena, wanashuka tena. Kila mara, bila ubishi.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyenitazama.

"Tulikuta sauti yako imeingia kwenye rekodi," Eliya akasema. "Iko nyingi, dada. Karibu kila siku tuliyopiga. Ukisema tuitoe, tunaitoa."

"Ila ndiyo ngoma kali kuliko zote, sista," Dulla akasema. "Bila wewe haisimami."

"Kumbe mnajua kupunguza," nikasema.

Wakacheka kidogo, halafu wakaona mwenzao sicheki.

"Humo ndani nikisema tu, mnashuka. Hapa sebuleni mlishuka lini mkabaki chini?"

Yale maneno ya kwenye basi yalikuwa marefu, yana sababu na pole nyingi. Sikuyahitaji tena.

"Msiitoe. Ni nzuri. Yote ni nzuri, huo ndio ukweli mlioutaka. Na mhame, Eliya. Mwezi huu usiishe mkiwa hapa."

Nilijisikia nikisema, na safari hii sikuomba.

Machozi yakamjaa Eliya machoni. Mtoto huyu nimemlea tangu mama yetu afariki, na kumwona vile kulinichoma. "Umekasirika kwa sababu ya wimbo, dada?"

"Sijakasirika. Nimechoka. Nimekuambia kila usiku, ushahidi unao wewe mwenyewe."

Mwinshehe akakohoa kidogo. "Kwa mjomba Mwinjuma kuna banda la korosho, limekaa tupu. Umeme ni wa kusuasua, lakini upo."

"Mzenga, mwanangu?" Dulla akauliza. "Porini kule?"

"Haya, endelea," nikamwambia Eliya. "Si ulisema mpaka mwisho."

Akabonyeza. Nikapandisha miguu kwenye kochi, nikafumba macho. Ulikuja wimbo mwingine, mrefu, hauna mtu wa kuomba chochote ndani yake. Usingizi ulipoanza kunichukua nikamsikia Eliya ananyanyuka, anakwenda kwenye spika, anapunguza. Sikuwa nimesema kitu.