Mguu wa Kushoto wa Suruali

Mimi ndiye mshonaji wa kundi la sarakasi, na suruali ile nyeusi niliishona kwa hasira. Mguu wake wa kushoto niliupanua nikautia bitana ngumu, ili mtu akitazama asijue kama ndani mna nyama au mguu wa bandia. Mume wangu ndiye aliyeniomba hivyo.

Sukari ndiyo iliyosababisha akatwe mguu, chini ya goti. Kabla ya hapo alikuwa anaendesha baiskeli ya gurudumu moja mpaka watu wanasimama juu ya viti. Siku tuliyotoka hospitali aliketi kwenye ngazi, kofia mapajani, akinisubiri nichukue dawa. Kurudi, nakuta mama mmoja mpita njia anatia sarafu ndani ya kofia. Tulipofika nyumbani mume wangu akaitupa kofia ile pembeni.

"Nitarudi ulingoni," akasema, "na hakuna atakayenionea huruma. Bora nife."

Nikamwambia aache uchuro. Lakini nilimwelewa vizuri sana.

Basi tukaanza mazoezi, kila asubuhi, ghalani. Mguu wa bandia anauegemeza juu ya uma, kile chuma kinachoshika gurudumu, wa kulia unakanyaga pedali peke yake. Jamani, ni kazi! Mguu mmoja unaweza kuisukuma pedali chini tu. Kupanda juu kunategemea mwendo wenyewe, na mwendo ukipungua umeanguka. Halafu kila akisukuma, gurudumu linajipinda kushoto. Na yeye akilihisi linapinda, macho yanakwenda chini kushoto, kwenye ule mguu. Puu! Sakafuni.

"Wee bwana, unatafuta nini huko chini?" namfokea. "Umeangusha sindano? Unakotazama ndiko linakokwenda!"

"Kwani tangu lini wewe ukajua kuendesha?"

"Tangu leo. Panda."

Alichanika kiwiko, akachubuka viganja. Kigutu kikavimba mpaka mguu wa bandia ukagoma kuingia, nikawa nakikanda kwa maji ya vuguvugu huku nalia na kumtukana, vyote kwa pamoja. Mbishi yule! Nilimpenda mpaka nikajichukia.

Mwishowe akajua siri yake: kiuno kigeuke kwanza, ndipo mguu usukume, na macho yasitoke mbele. Nikampangia makopo ya rangi sakafuni. Akapita katikati yake, kulia, kushoto, bila kugusa hata moja, halafu akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Tukamwita bosi wa kundi. Akatazama mpaka mwisho, uso mkavu.

"Umejitahidi," akasema. "Lakini aliyekaa nyuma ataona mwanamume anaendesha polepole, basi." Akanigeukia. "Shemeji, ikate suruali hiyo juu ya goti. Na mguu wa bandia auache nyuma ya pazia. Watu wakione kigutu."

"Shemeji wa nani?" nikamwuliza. "Kakate ya baba yako!"

"Hataki, basi aende nyumbani."

Nikamtazama mume wangu. Nilitaka ampige, au walau ateme mate. Alikuwa bado juu ya tandiko, ameshika nguzo, jasho linamdondoka kidevuni.

"Kata, mama watoto," akasema.

Nikakata. Tukafanya mazoezi upya, maana bila ule mguu uzito wote umehama.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma ya pazia, mguu wa bandia mapajani mwangu. Alipotokea tu nikasikia, "Masikini!" Kisha mtu akarusha sarafu. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka zikatapakaa ulingoni kote. Gurudumu moja likikanyaga sarafu linateleza, na nikamwona ameziona. Lakini macho yake hayakushuka. Kiuno kikageuka, mguu ukasukuma. Kulia, kushoto, akapita katikati ya zote, hakukanyaga hata moja. Hakuwahi kuendesha vizuri vile hata alipokuwa na miguu miwili.

Nikachungulia viti, safu kwa safu, nikitafuta walau mtu mmoja anayetazama gurudumu. Wapi! Wote macho yao yalikuwa kwenye kigutu, na mikono ilikuwa mifukoni inatafuta sarafu nyingine.