Kolekole Aliyekataa Kurudi

Talib aliingia majini akiwa hajalala. Mamaake, Bi Ummkulthum, alikuwa kitandani tangu Ramadhani, hawezi hata kujigeuza ubavu. Mchana alihudumiwa na Nadhira, mkewe Talib. Usiku zamu ilikuwa ya Talib mwenyewe. Kukicha, bila ya kupumzika, aliwapeleka wageni kuvua kandokando ya mikoko ya Kengeja, wageni wanaovua samaki kisha kuwaachia majini.

Mgeni wa safari hii aliitwa Ridha. Alizaliwa Maskati, lakini bibi yake alikuwa mtu wa Kengeja, na Kipemba alichomwachia kilikuwa cha kizee, vijana wa pale wakikisikia hucheka. Alivulia ufito mrefu mwembamba na ndoana iliyofungwa manyoya, akiurusha mshipi juu ya maji ya magotini. Kila samaki aliyempata alimtazama, kisha akamrudisha.

"Kwani weye huli samaki?" Talib aliwahi kumuuliza.

"Nala wa sokoni."

Talib alikuwa hana nguvu ya mjadala.

Siku hiyo Ridha alimnasa kolekole mkubwa. Alivutana naye mkondoni kwa muda mrefu, na alipofikishwa karibu, samaki alikuwa amelala ubavu. Talib alimtoa ndoana, akapiga magoti mchangani, maji kiunoni, akamshika mkia na kumsukuma mbele na nyuma taratibu, ili maji yampite kwenye matamvua. Kila akimwachia, samaki alipinduka tumbo juu. Akamshika tena.

"Atapona?" Ridha aliuliza.

"Tungoje."

Wakangoja. Maji yakaanza kujaa na mgongo wa Talib ukawaka moto. Usingizi ulimkuta palepale. Kichwa kikadondoka, uso ukagusa maji, akashtuka, mkono bado umeushika mkia.

"Nipe mie," Ridha alisema. Akauweka ufito kwenye mizizi ya mkoko, akapiga magoti naye. "Una nini leo?"

"Mama mgonjwa. Usiku silali."

Ridha akaushika mkia. Aliendelea kumsukuma samaki, mbele, nyuma, mpaka akaona matamvua hayafunguki tena.

"N'mwache aende na maji?"

"Hatupwi huyo, bwana. Ushamuua. Sasa ni riziki."

Maneno yalimtoka Talib makali kuliko alivyokusudia, lakini alikuwa amechoka, hakuweza hata kuyalainisha. Ridha aliitikia kwa kichwa, akambeba kolekole kifuani, shati likalowa damu na ute, hadi nyumbani kwa Talib.

Nadhira alimpika samaki mchuzi wa ndimu. Ridha aliketi kizingitini mwa chumba cha mgonjwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nani huyo asemaye kama watu wa kale?"

"Mjukuu wa Kazija."

"Kazija yupi? Kengeja hii kina Kazija tele."

Ridha alimweleza alichokijua: bibi yake alikuwa mwembamba, alijua kusuka mikeka, aliondoka akiwa mwari. Bi Ummkulthum akatikisa kichwa.

"Simkumbuki, mwanangu."

Ridha akainamisha macho.

"Ndo dunia," Bi Ummkulthum alisema. "Haya, kula, mchuzi usipoe." Naye akanywa vijiko kadhaa, akalala.

Talib hakuyasikia mazungumzo yote. Alikuwa ameegemea ukuta wa ukumbini, sahani mapajani, amefumba macho. Alipozinduka, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita na sahani imeondolewa. Ridha alikuwa barazani, anafunga manyoya mapya kwenye ndoana.

"Kesho twende upande gani?"

Talib alijifikicha macho. Mgongo ulikuwa ungali unauma.

"Kesho nenda na jirani yangu, Himid. Mie n'talala."

"Na yeye huwaachia samaki?"

"Himid?" Talib alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Himid haachii hata dagaa."

Ridha aliigeuzageuza ndoana kidoleni.

"Basi mwambie aje," akasema. "Aje na kapu."