Suruali ya Harusi ya Baba

Mpelelezi gani mikono yake inanuka sabuni kutwa? Ndiye mimi, Stéphanie wa mtaa wa Panda. Mwaka wa 97 niliwafulia wanajeshi wa serikali nguo zao, huku nikiwapeleleza kwa ajili ya waasi waliokuwa wakija. Kombati zikiongezeka kwenye kamba, nilijua kikosi kimeongezeka. Nilikwenda dukani kwa Mansour kununua sabuni, nikamnong'oneza, naye akazifikisha habari kwa waasi. Nani angemshuku dobi anayenunua sabuni? Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Asubuhi moja sajini Barnabé, mteja wangu, akaingia uani na bunduki begani. Mama akaacha bukari, ugali wetu, ikiungua motoni.

"Stéphanie," akasema taratibu, "minajua kazi yako na Mansour. Tangu zamani minajua."

Kwa kosa hilo watu walikuwa wakipigwa risasi, tena bila kuulizwa mara mbili.

"Siyaambia muntu," akaendelea. "Benzangu balishakimbia. Miye minachoka na hii vita. Unipatie bilamba ya raia."

Nguo za raia! Kumbe ndicho tu alichofuata. Mama aliingia ndani, akatoka na suruali ya marehemu baba, ile aliyofungia ndoa.

"Mutoto, hii haiko ya kuchezea," akamwambia. "Utairudisha."

Bunduki tuliitupa chooni. Suruali ilimwishia juu ya vifundo, nikacheka huku machozi yananitoka.

Baada ya siku chache waasi waliingia mjini bila vita. Watu walijaa barabarani wakipunga matawi. Mansour akanipeleka kwa kamanda wao na kunisifu mpaka nikaona haya.

"Dada, wewe unawajua wanajeshi kwa sura," kamanda akasema. "Tuonyeshe waliojificha hapa."

Nikatazama umati. Barnabé alikuwa mstari wa mbele, vifundo nje, akipunga tawi kubwa kuliko la mtu yeyote. Mjinga yule! Macho yetu yalipokutana, tawi likasimama hewani.

Kamanda alikuwa ameyafuata macho yangu. "Huyu je?"

Neno langu moja lingemmaliza. Yeye alikuwa na neno kama hilo juu yangu, akalimeza.

"Huyu? Haiko soda, haiko mwanajeshi hata kidogo," nikasema. "Ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Hata hii suruali ni ya baba yetu."

"Ya harusi," mama akadakia kutoka nyuma, kwa hasira ya kweli kabisa.

Kamanda akaitazama ile suruali, akacheka, akapita. Mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu siku ile uani. Mungu ni mwema, nilisema kwa sauti, na Mansour akaitikia.

Jumapili Barnabé alirudisha suruali. Alikuwa ameifua mwenyewe, tena vizuri kuliko ninavyofua mimi.