Pacha wa Bangoni

Tangu mafuriko, Mama Pacha, fundi cherehani asiye na cherehani, alikuwa na ombi moja tu kwa kila aliyemsogelea: mwanangu atafutwe. Siku ya kuhamishwa, mapacha wake walipakiwa malori mawili tofauti. Mmoja alishuka naye kambini. Lori la mwenzake lilikoishia, hakuna aliyejua.

Mtoto wa dada yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwandishi kwa kuwa aliajiriwa kuandika katika shirika la misaada, akaja na mpiga picha.

"Mama mdogo, hawa ni shilingi kwa ya pili. Tukimpiga picha aliyepo, tumempata na aliyepotea."

Akili hiyo ilimfurahisha. Alimvalisha mtoto shati safi, akamwonya asicheke, maana mwenzake si mtu wa kucheka ovyo. Kisha akaulizwa mbele ya kinasa sauti kilichotokea.

"Nimempoteza mwanangu," akasema, akalia. Nani asingelia?

Basi mabango yakatoka, makubwa, mpaka miji ya jirani. Uso wa mtoto, na chini yake: "Alikuwa na miaka saba. Usisubiri afe mwingine."

Mama Pacha alimkokota mwanawe hadi ofisini. Mlinzi alimtazama mtoto, akatazama bango ukutani, akawapisha bila kuuliza kitambulisho.

"Ulisema umempoteza, mama mdogo," Mwandishi akajitetea. "Watu wakisikia hivyo wanajua kafa."

"Na wewe ulijua nini?"

Mwandishi akaangalia viatu vyake. "Bosi anasema aliyepotea hachangiwi, aliyekufa anachangiwa. Si umeona mahema? Dawa je?"

Mahema yalikuwa yamekuja kweli, na yeye mwenyewe alilala ndani ya moja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: hakuweza kulilaani bango bila kulilaani paa lake.

"Andikeni kwamba anatafutwa."

"Tukibadilisha sasa, watu watasema tuliwadanganya."

"Kwani hamkuwadanganya?"

"Vumilia kampeni iishe, mama mdogo. Mvumilivu hula mbivu."

Ukitaka kumnyamazisha mtu kwa adabu, mpe methali. Mama Pacha akarudi kambini, akavumilia.

Wiki chache baadaye, dereva mgeni alileta maji. Alipomwona mtoto kwenye foleni na ndoo yake, mpira wa maji ulimponyoka.

"Huyu si yule wa bangoni? Kumbe yu hai!"

"Wa bangoni ndiye huyu," mama akasema. "Anayetafutwa ni pacha wake."

Dereva akashika kichwa. "Mama, nilimwona! Kituo cha mabasi, mji wa pili, anauliza malori ya mafuriko yalikwenda wapi. Sura nikaijua, nikataka kumpakia. Halafu nikakumbuka nimeiona wapi. Nikasema, yule si kafa? Huyu ni mtoto wa watu wengine. Duniani wawili wawili. Nikawasha gari."

"Yuko wapi sasa?"

"Jana nimepita tena, sikumwona." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Na nilichanga, mama. Lile bango liliniliza, nikachanga kwa ajili yake."

Mama Pacha alimtazama mtu huyu mwema, akatafuta la kumwambia. Alipata lile tu alilozoea kuwaambia wote wanaotoa.

"Asante, baba," akasema.