Ncha ya Pili ya Jora

…kwamba anashukuru, hilo liwe la kwanza, Mama Mkuu, nashukuru kwa yote, halafu ndipo aseme kwamba anaomba kurudishwa kampasi kuu ya chuo cha wahubiri, kule kwenye nyasi na kengele na kanisa lenye mwangwi, kwa sababu huku mjini hana kazi, na mtu asiye na kazi ni mzigo hata awe na adabu namna gani, hapana, hilo la mzigo aliache, Mama Mkuu atacheka, na akishacheka mambo yameharibika, maana kicheko chake humgeuza mtu moyo kabla hajamaliza sentensi… na lifti yenyewe, ya kumpandisha hadi juu kwenye madarasa na ofisi ya mkuu huyo wa chuo, haiji, namba nyekundu juu ya mlango imeganda kwenye nane, na mlinzi, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, anasema, "Inakuja," kama asemavyo kila asubuhi, na kila asubuhi watu humwamini, hilo nalo ni jambo la kustaajabia, akina mama wa saluni ya ghorofa ya pili, vijana wa kutengeneza simu, karani wa wakili mwenye koti lililopauka mabegani, wote wanasimama wakiutazama mlango wa chuma kama waumini wanaongoja mhubiri aliyechelewa, wala hakuna anayenung'unika, nani kawafundisha subira hii, si yeye, yeye hajamfundisha mtu chochote katika jengo hili tangu muhula uanze, yeye ambaye kwao wanamwita Spika, kwa sababu akihubiri upande huu wa bonde wanaoteka maji upande wa pili huitikia amina, na shemeji yake alizoea kusema mvua ikichelewa wampandishe Spika kilimani, mawingu yatasikia tu… akacheka kidogo, peke yake, akajifanya anakohoa.

"Baba Mchungaji," ilisema sauti nyuma yake, "tai leo? Unaoa au unashtakiwa?" na hakuhitaji kugeuka, ni mama mkataji wa chumba cha mafundi cherehani ghorofa ya sita, jora la kitambaa cha sare begani, refu kuliko yeye mwenyewe, ncha ya nyuma ikiyumba na kutishia kofia ya mlinzi, "Shika huko nyuma kabla sijamng'oa mtu jicho," naye akashika, akaiegemeza ncha begani, mikono ilishika kabla kichwa hakijaamua, kama ilivyoshika kila Alhamisi, maana ndiyo kazi aliyopewa siku ya kwanza alipoketi kule, kushika ncha ya pili ya kitambaa kikitandazwa juu ya meza ndefu, yeye huku, mama mkataji kule, kitambaa katikati kikitulia kama maji… na lile ndilo somo, Maisha ya Mji na Huduma, Mama Mkuu alilieleza kwa maneno machache, mtachagua chumba kimoja katika mji huu, mtakaa humo siku moja kila wiki, mtafanya mnaloambiwa na wenye chumba, na hamtamwombea mtu mpaka mtu mwenyewe aombe kuombewa, wahubiri watu wazima wakatazamana, ndipo akawasimulia habari ya mwanafunzi wa zamani aliyechagua kibanda cha kinyozi, roho ikamwaka, akapaza sala papo hapo, na kinyozi, mtu wa heshima, akafumba macho bila kuizima mashine, sala ilikuwa ndefu, ilipofika amina kichwa cha mteja kilikuwa kimechimbwa barabara kuanzia paji la uso hadi kisogoni, "Na hiyo barabara," alisema Mama Mkuu, "haikumpeleka mtu mbinguni," wakacheka mpaka machozi, naye alicheka kuliko wote, akidhani yeye hangekawia kuombwa, mtu wa sauti yake, wiki ya kwanza tu wangemwomba, labda ya pili…

"Inakuja," alisema mlinzi.

…lakini hakuombwa, na mle chumbani sauti yake haikuwa kitu, cherehani zikinguruma pamoja hata wenyewe huongea kwa nyusi, alichoombwa ni kushika, kusogeza, kuokota pini kwa sumaku, kuonja chai kama sukari imetosha, naye kwenye simu akamwambia mke wake, mke wangu huku nimekuwa redio iliyoisha betri, mke wake akacheka, akasema, basi nchi itapumzika kidogo, kisha akauliza kwa upole, lakini unakula vizuri?… na bado aliwapenda, hilo hawezi kumficha Mama Mkuu, aliupenda ule mkono wa mama mkataji uliopita juu ya kitambaa kabla ya mkasi, polepole, ukipapasa, kama mama anayemshika mtoto paji la uso kuona kama ana homa, aliupenda ugomvi wao wa dirisha, huyu anataka hewa, yule ana mafua, na jinsi ugomvi ulivyoisha siku yule fundi mdogo aliporudi kutoka kumzika baba yake, walifungua dirisha nusu, wakampa kazi nyepesi ya vifungo, na wote wakashona taratibu siku ile, mngurumo ulishuka wenyewe, nani aliwaamuru, yeye alikuwa na mahubiri mazima ya msiba kichwani, yenye vituo na mifano, akayameza, na alipoyameza aliona aibu kwamba hayakuhitajika, au si aibu, ni nini ile… Mama Mkuu alikuwa na neno lake, mji haushindwi kwa sauti, mji una sauti nyingi, mji unakaliwa, alilisema akiwa dirishani, mgongo kwao, akitazama watu wakivuka barabara huko chini kama mtu anayetazama shamba lake likiota, na yeye alikuwa amedhani ni neno zuri la darasani, la kuandika na kupigia mstari…

"Alhamisi utakuwepo?" aliuliza mama mkataji, na jora lilitikisika kidogo upande wake.

Angesema ukweli, kwamba ndiyo hiyo safari ya juu kwa Mama Mkuu, tai na yote, kwamba Alhamisi huenda atakuwa kwenye basi na sanduku lake, akafungua kinywa, lakini mama mkataji hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama ile nane nyekundu, akaendelea kwa sauti ya mtu anayeagiza uzi, "Dada yangu wanampasua siku hiyo. Tumbo. Wameniambia nikae hospitali, nimekataa, nikikaa kwenye yale mabenchi nitazimia wanipasue na mimi. Bora niwe mezani, nikate. Ila kitambaa hakitandazwi na mtu mmoja."

"Nani mwingine anaweza kushika?" akauliza, na papo hapo akatamani asingeuliza.

"Wapo," alisema mama mkataji. "Lakini wao wana maneno. Mimi siku hiyo sitaki maneno, Baba. Nataka mtu awe upande ule."

…upande ule, na jora likatulia kati yao, zito, lenye harufu ya rangi mpya, naye akausikia uzito wote ukihamia begani mwake, au mama mkataji alikuwa amelegeza kidogo, kidogo tu, kiasi cha mtu kupumua, na wapi alikuwa anatazamia hilo ombi lije kutoka, alikuwa amekaa mlangoni muhula mzima akingoja mgeni mwenye kanzu na tarumbeta, na mgeni alikwishaingia siku ya kwanza kwa mlango wa nyuma akasema shika huku… sala zikamjia, zote, zile za kuvuka bonde, zikapanda hadi kooni, zikakuta mlango umefungwa, zikakaa, na ajabu ni kwamba hazikufa, zilishuka mikononi, kwenye vidole vilivyoshika kitambaa, na jina la dada asiyemjua hakulihitaji, alimwita dada tu…

"Nitakuwepo," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba karani wa wakili, aliyesimama hatua moja tu, hakugeuka.

"Haya," alisema mama mkataji. "Uje bila hiyo tai, itanaswa kwenye mkasi."

Na namba juu ya mlango bado ni nane, na watu bado wanautazama mlango, na mlinzi anasema, "Inakuja," na Spika, kwa upande wake, anahamishia jora bega la pili na kuwaza atakachomwambia Mama Mkuu akifika juu, kwamba anashukuru, hilo liwe la kwanza, halafu… halafu hakuna la pili, basi atasimama pale amwache acheke.