Perege Aliyeombwa na Maka

Asubuhi ile Maka aliukataa uji, akayakataa na maziwa ya unga, akageuzia uso ukutani. Warfa, mumewe, alisimama na kikombe mkononi asijue akipeleke wapi. Ndipo mkewe akasema kwa sauti iliyobaki nusu, "Niletee samaki."

Warfa alidhani ni homa inayonena. Maka, binti wa wafugaji wa Hadado, hakuwahi kutia kinywani kitu kilichotoka majini tangu azaliwe.

"Si wa sokoni," Maka akaongeza. "Nenda kwa Jirma. Mwambie natamani kile alichokuwa akinipikia Filsan."

Warfa akakiweka kikombe chini, akatoka. Muuguzi alikwisha kuwaambia kwamba koo la Maka linazidi kuziba; kimezwacho leo huenda kesho kisimezwe.

Filsan alikuwa binti yao wa pekee. Alimtaka Jirma, mvuvi wa ukingo wa Tana, mtu wa swala na adabu, ambaye wakwe zake hawakumwona na ila isipokuwa moja: mikono yake ilinuka samaki. Ukame ulipowamaliza ngamia, wazee wakahamia Garissa, karibu na alipoolewa binti huyo. Kila Ijumaa Filsan alileta chungu kilichofunikwa, na kila Ijumaa chungu kilirudi kama kilivyokuja. Mvua za mwaka jana zilipoanza kunyesha, Filsan alifariki, na mtoto tumboni mwake. Afaye na mimba, wanazuoni wamesema, ni shahidi. Warfa aliyashika maneno hayo kama ashikaye kaa la moto: hakuweza kuyaachia, wala hayakuacha kumuunguza.

Alimkuta Jirma nyuma ya migomba, ameketi juu ya gogo, mshipi umezama majini. Jirma akainuka upesi, akampokea kwa mikono miwili kama baba yake.

"Karibu, Aabo. Kheri?"

"Mama yako anataka samaki."

Jirma hakuuliza ni mama yupi, wala hakukumbusha lolote. Akafuta gogo kwa kiganja, akamketisha mkwewe, akampa mshipi.

"Basi mvue wewe. Akiuliza, umwambie ni mkono wako."

Mto ulikuwa umekwisha kupungua baada ya gharika. Jirma alieleza kwamba samaki wamemaliza kuzaa. Majike wametoka kwenye mazalio wamekonda, wana njaa, nao husogea kandokando kutafuta chakula. "Usitupe mbali," alisema. "Wapo hapa miguuni petu. Ila wamechoka, kwa hiyo wanahitaji subira."

"Subira ninayo," alisema Warfa. "Ndiyo mali iliyobaki."

Jua likapanda. Dekow, mtu wa ukoo wake, akapita na mkokoteni wa punda kuteka maji, akasimama akishika kiuno.

"Warfa! Kamba hiyo umefungia ngamia gani?"

"Ngamia asiyekunywa maji yako, Dekow. Pita."

"Akizaa, nibakizie maziwa," akasema Dekow, akacheka peke yake, akaenda zake. Zamani Warfa angemfuata kwa bakora. Leo aliutazama mshipi tu.

Ukakazika ghafla. Alivuta kwa nguvu za mtu avutaye ndama kisimani, na perege mpana akatua matopeni. Ndoano haikumshika mdomoni, ilimnasa ubavuni. Warfa akachomoa kisu, akamwelekeza samaki kibla kama amwelekezavyo mbuzi.

"Samaki hachinjwi, Aabo," Jirma alisema kwa upole.

Hukumu hiyo Warfa aliijua tangu madrasani. Mikono yake ndiyo iliyokuwa haijui. Akaona haya, akakirudisha kisu. Alipomwinua samaki kwa taya, kinywa kikafunguka, na watoto wadogo kama punje za ufuta wakamwagika kiganjani mwake, hai, wakitapatapa.

"Ni nini hawa?"

"Wanawe. Perege huwalea kinywani. Huyu kachelewa, wenzake wamekwisha kuwaachia. Hali chochote mpaka waweze kuogelea."

Warfa alikiinamia kiganja chake kilichojaa. Kwao Hadado, mwenye wana hachinjwi, hata wageni wakilala njaa. Lakini nyumbani kulikuwa na koo linaloziba, na samaki huyu mmoja. Alimtazama Jirma, naye Jirma akatazama ng'ambo ya mto.

Warfa akaingia majini hadi magotini, akamwacha perege aende, akakisuuza kiganja taratibu mpaka punje ya mwisho ikaondoka.

"Aabo," Jirma alisema, sauti imemkatika, "ungeweza kumchukua."

"Nisingeweza. Wala wewe usingeweza."

Mwingine hakushika hata adhuhuri ikapita. Waliswali pale pale ukingoni, wakarudi kwenye gogo. Alasiri ilipokaribia akatoka perege mmoja jike, mwembamba, tumbo limelegea, mama aliyekwisha kumaliza kazi yake. Jirma alimpika katika chungu cha Filsan, kwa ndimu na chumvi, kama alivyomwona mkewe akipika, nao wakakibeba pamoja.

Maka alikuwa macho. Warfa akatoa mnofu, akauchambua miiba, akamtia kinywani. Maka aliutafuna muda mrefu. Alijaribu kuumeza, koo likakataa. Akajaribu tena, machozi yakimtoka kwa juhudi, kisha akautema katika kitambaa. Jirma akamwekea mchuzi kwa kijiko, nao ukarudi pembeni mwa midomo.

"Asubuhi ningeumeza," alisema Maka. "Mbona mmechelewa?"

Warfa akamweleza habari za yule wa kwanza, hakuficha neno. Maka alifumba macho akisikiliza.

"Mwenye wana hachinjwi," alisema. Kisha akaongeza, "Ni mtamu. Filsan aliniambia ni mtamu, Jirma. Nami nilimwambia akanawe kabla hajanishika."

Jirma akainamisha kichwa juu ya chungu.

Warfa alitaka kumpangusa mkewe machozi, akaona vidole vyake vingali na harufu ya samaki, akainuka kuitafuta birika.

Maka akamshika mkono, akauvuta mpaka shavuni pake, akaulalia.

"Usinawe," alisema.